Malkia wa Swali la Saba

Mwalimu huyu alisalimia watu kwa nyusi. Unyusi mmoja ukipanda, hiyo ndiyo salamu yako ya siku nzima, ushukuru na upite. Nyusi mbili aliwawekea wakaguzi. Kinywa chake alikitunza kwa kazi moja, kuwarekebisha wenzake Kiingereza, na kazi hiyo haikuwahi kumchosha.

Kila mwaka, mitihani ikishafanywa, walimu walioteuliwa walikusanywa katika ukumbi wa kulia chakula wa shule moja ya bweni ili wasahihishe. Viti vilikuwa vya plastiki, meza ndefu zilijaa makovu ya vijiko, na harufu ya kabichi ilikuwa imegoma kwenda likizo pamoja na wanafunzi. Walimu walikaa kumi kwa kila meza, kila mmoja na swali lake. Wa swali la kwanza alisahihisha la kwanza tu, akaikunja karatasi kwenye ukurasa unaofuata, akamsukumia jirani. Jirani akasahihisha la pili, akakunja, akasukuma. Hivyo hivyo mpaka la kumi. Hakuna aliyemsoma mtahiniwa mzima. Mtahiniwa alikuwa namba juu ya jalada, na kila mwalimu alimjua kwa kipande chake.

Yeye alikuwa na la saba, mwaka wa sita sasa, ndiyo maana wakamwita Malkia wa Saba. Walidhani wanamtania. Yeye alilipokea jina hilo kama haki iliyochelewa.

Swali la saba lilikuwa la kupanga maneno. Mtahiniwa alipewa sentensi kumi za Kiingereza zilizovurugwa, akatakiwa kulirudisha kila neno mahali pake: vile vihusishi vidogo vya in na on na for, na yale maneno yanayotembea wawili wawili, both na and, either na or, neither na nor, not only na but also. Malkia aliyaita maneno ya ndoa. "Ukimwona either," aliwaambia wanafunzi wake, "muulize mwenzake yuko wapi. Na wote wawili wasimame mbele ya vitu vya aina moja. Huwezi kumweka mmoja mlangoni na mwingine jikoni ukasema wameoana." Kanuni rahisi, na kwa maoni yake mtu aliyeshindwa kuielewa hakufaa kuachiwa hata paka amlee.

Na hawakuielewa! Mwaka hadi mwaka hawakuielewa. Mmoja aliandika kwamba basi lilimsubiri muuguzi. Mwingine alimweka neither mwanzo wa sentensi, akamtupa nor mwishoni kabisa, baada ya nukta, kama mke aliyefukuzwa na begi lake. Mwingine, Mungu amsamehe, alishindwa kabisa akayapanga maneno yote kwa alfabeti. Malkia alizisoma sentensi hizo kwa sauti, meza ikacheka, kisha akachora sifuri. Sifuri zake zilikuwa kubwa na za duara safi. Alikuwa na kasi kuliko wote ukumbini, na alijua hivyo.

Kiongozi wa meza yao alikuwa mzee waliyemwita Pole-Pole, mwalimu wa shule ya pembezoni mwa mji, mwenye shati la mikono mifupi na kalamu ya kijani mfukoni. Kijani ilikuwa rangi ya viongozi. Wao ndio waliopitia kazi za wengine kabla hazijafungwa kwenye maboksi. Malkia aliona kalamu ile imepotea njia. Mzee alikuwa anasema "discuss about". Kiongozi wa meza ya Kiingereza! Mtoto wa kidato cha pili anajua kwamba discuss haitaki about wala ndugu yake yeyote.

Mwaka wa kwanza wa Malkia pale, mzee alimjia mchana mmoja, akainama karibu na sikio lake kwa adabu, akaanza, "Madam, I want us to discuss about..." Hakumaliza.

"Discuss," Malkia alimkata, kwa sauti iliyofika meza ya tatu. "Discuss tu, Mzee. Hiyo about irudishe ulikoitoa."

Meza nzima ilikufa kwa kicheko. Mzee naye alitabasamu, akafunga mdomo, akaenda zake. Alitaka wajadili nini, Malkia hakuuliza, wala kwa miaka sita hakuona sababu ya kuuliza. Kisa chenyewe alikisimulia kila mwaka, wageni wakifika mezani. Na kila mwaka, wengine walipokwenda kunywa chai, mzee alibaki peke yake na mafungu ya karatasi, akifunua kurasa moja moja. "Mwacheni," Malkia alisema huku akimimina chai yake. "Pole pole ndio mwendo, ila wengine hawafiki."

Siku ya kwanza kila msahihishaji alijaza fomu. Swali la nne la fomu liliuliza kama ana ndugu miongoni mwa watahiniwa. Mwenye ndugu alihamishiwa ukumbi mwingine, basi, hakuna aibu. Lakini mwaka huu kalamu ya Malkia ilisita hapo, kisha ikaandika: Hapana.

Ilikuwa uongo. Watahiniwa wa kujitegemea wa mji mzima walisahihishwa katika ukumbi ule, na mmoja wao alikuwa dada yake, tumbo moja.

Dada alikuwa na miaka arobaini na minne na alikuwa mhudumu wa wodi: alipiga deki, alibadilisha mashuka, aliwashika mikono wagonjwa waliokuwa wanakufa wakati wauguzi wana shughuli nyingine. Alitaka kuwa muuguzi. Chuo cha uuguzi kilitaka afaulu Kiingereza, na kilipokea watu hadi umri wa miaka arobaini na mitano. Alikuwa ameshafeli mara mbili. Mtihani wa mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwake; akianguka, atapiga deki mpaka astaafu. Na sababu ya kuufanya mtihani wa vijana akiwa na mvi ilikuwa moja tu. Mama yao alipofariki, ilibidi mmoja aache shule ili mwingine aendelee, na Dada hakumuuliza mtu. Alivua sare akaifua, akaipunguza imtoshe mdogo wake.

Sasa Malkia wa Saba atamwambia nani kwamba dada yake anafeli, mara ya tatu, swali ambalo yeye mwenyewe amelitawala miaka sita? Alimwonea Dada aibu. Tena si kidogo.

Alikuwa amemfundisha, usiseme hakumfundisha. Miezi mitano, meza ya jikoni, kila Dada alipotoka zamu ya mchana. Lakini alimfundisha kwa ule mdomo wake.

"Both iko wapi?"

"Hapa."

"Na and?"

"Hapa, mwisho."

"Mwisho inafanya nini? Inasubiri matokeo?"

Dada alicheka kila mara, akafuta, akaanza upya. Kufuta huko kulimkera Malkia kuliko makosa yenyewe. "Umeugeuza ukurasa dekio! Mwalimu akiona uchafu huu hatasoma hata neno moja. Jaribu kwanza nyuma, ukurasa wa mwisho mweupe, ukishapata ndiyo unakili mbele. Na uandike kwa heshima, huyo anayesahihisha si shoga yako." Dada aliyashika maneno hayo kama alivyoyashika maagizo ya madaktari, bila kuuliza.

Siku ya tatu ya kusahihisha, mchana, joto la ukumbi likiwa limewalegeza wote, karatasi moja ilimfikia Malkia ikiwa imekunjwa tayari kwenye ukurasa wa saba. Mistari kumi mitupu. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa za kuchapa, zimepigwa rula chini: PLEASE TEACHER SEE BEHIND.

"Jamani!" Malkia aliipandisha juu. "Njooni mwone ya leo. Please Teacher, see behind! Behind ya nani?"

Akageuka kwenye kiti chake cha plastiki, polepole, akachungulia nyuma yake, kushoto, kulia, akainua kidogo sketi yake kwenye kiti akatazama na hapo. "Sioni kitu," alisema. Mwalimu wa swali la tano alilia machozi. Wa swali la nane aligonga meza kwa kiganja. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini siku ile ukumbi ulimwona Malkia akilitafuta lake kwa bidii, na bado asilione.

"Labda jibu liko ukurasa wa nyuma," mwalimu wa swali la sita alisema akipangusa macho. "Mwongozo unaruhusu, kama ameonyesha."

"Mtu asiyeweza kuweka jibu mahali pake ataweka neno mahali pake?" Malkia alisema. Akachora sifuri, kubwa, ya duara safi, akasukuma karatasi kushoto. Haikumchukua hata nusu dakika.

Jioni ya siku ya tano, Dada alikuja kumsaidia kuosha vyombo. Hakuwa akiishi pale, lakini hakuwahi kuingia jikoni kwa mdogo wake akaacha sahani chafu. Alikuwa bado amevaa viatu vya wodi. Alisugua sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nikuulize kitu? Ulisema tusiuzungumze mtihani, najua."

"Uliza."

"Zile sentensi za kupanga. Nilifanya ulivyonifundisha, nikajaribu kwanza nyuma. Mdogo wangu, zilikubali! Safari hii nilikuwa naziona kabisa zinavyotakiwa kukaa. Nikazifanya zote kumi. Nageuka ninakili mbele, msimamizi anasema kalamu chini." Alisuuza sufuria. "Nikamwomba nusu dakika. Basi kwa nusu dakika hiyo nikamwandikia mwalimu pale mbele, kwa herufi kubwa ili aone vizuri, Please Teacher see behind. Nikapiga na rula. Nimeandika sawa?"

Sahani aliyokuwa akiikausha Malkia haikuanguka. Aliendelea kuikausha.

"Inaeleweka," alisema.

"Unadhani amenicheka?"

"Nani?"

"Huyo mwalimu. Mtu mzima mimi, please Teacher, please Teacher."

"Walimu hawana muda wa kucheka watu," Malkia alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Asubuhi alifika ukumbini kabla ya wafagiaji kumaliza. Ilikuwa siku ya mwisho. Jioni maboksi yangefungwa kwa lakiri. Njia nzima alikuwa ametafuta namna ya kuipata karatasi ile bila kumwomba mtu, akaikosa. Karatasi zote zilizopita mezani zilikuwa mikononi mwa Pole-Pole. Katika watu wote wa dunia hii, Pole-Pole! Alimkuta ameshakaa, miwani puani, kalamu ya kijani mkononi, fungu liko wazi mbele yake.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee aliinua kichwa. Kwa miaka sita hakuwahi kuisikia shikamoo hiyo. "Marahaba, Madam."

"Kuna karatasi moja nilipitiwa. Swali la saba. Juu ameandika..." Alitazama maboksi. "Ameandika please Teacher, see behind. Nilikuwa na haraka, sikugeuza."

Mzee aliinuka, akaenda kwenye boksi la tatu ukutani, akachambua kwa kidole, akarudi nayo. Akaifungua ukurasa wa saba. Ile sifuri ilikuwepo, nzuri kama alivyoiacha, imekatwa kwa mstari mmoja wa kijani. Kisha akaigeuza mpaka mwisho, ukurasa uliojaa mwandiko na futafuta kutoka juu mpaka chini. Pembeni, kwa kijani, palikuwa na nane na saini ya mzee. Malkia aliitazama ile nane. Hakutazama kitu kingine. Akavuta kiti.

"Uliiona lini?"

"Siku ile ile, saa ya chai." Mzee aliifunga karatasi. "Sifuri zako nazigeuza zote, Madam. Zote. Miaka sita. Mwaka huu ni ishirini na tatu mpaka jana. Mwaka juzi zilifika hamsini. Mwingine ameandika nyuma, mwingine chini kabisa ya ukurasa, mwingine ana sentensi tatu sahihi juu na upuuzi chini, wewe umesoma upuuzi, umecheka, umechora."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mwaka wa kwanza. Nilikuja nikakuinamia nikaanza kusema tujadiliane kuhusu sifuri zako." Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Ukanirekebisha Kiingereza."

Mfagiaji alipita na ndoo kati ya meza. Wakamsubiri apite.

"Na mbona kila mwaka unaniacha kwenye la saba?"

"Una kasi. Halafu makosa yako hayanisumbui kuyatafuta. Wenzako wanakosea huku na kule, lazima nisome kila kitu. Wewe nakwenda moja kwa moja kwenye sifuri." Hakuwa anamwonea huruma hata chembe. Ile dharau ambayo Malkia aliwagawia wengine miaka yote kwa mkono mmoja, kumbe mzee alikuwa nayo ya kwake, ya kimyakimya, kavu, na ilikuwa ya haki. "Sasa niambie. Sifuri zote hizo hujawahi kuiulizia hata moja. Hii ni ya nani?"

Angeweza kusema si ya mtu. Nane ilikuwa imeshaandikwa, boksi lingefungwa, Dada angefaulu. Mzee kama aliyesikia wazo hilo likipita, akasema, "Ikijulikana baadaye kwamba msahihishaji alificha ndugu, wanafuta matokeo yake yote. Ya mtahiniwa, si ya mwalimu. Uliyaona mwenyewe, hapa hapa, mwaka wako wa pili."

Alikuwa ameyaona. Na nusu ya mji ilijua kwamba yule mhudumu wa wodi ni dada wa yule mwalimu mwenye nyusi.

"Ni dada yangu," alisema.

Mzee aliivuta fomu ya Malkia kutoka kwenye faili, akaigeuza imtazame, akaweka kidole kwenye swali la nne. Malkia alikata Hapana, akaandika Ndiyo. Palipotaka uhusiano akaandika: dada.

"Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa," alisema, akaliongeza neno hilo.

"Karatasi inakwenda ukumbi wa pili, wataisahihisha upya yote. Nane yangu hawatahesabu. Nitawaandikia tu kwamba la saba liko nyuma." Alinyoosha kiganja. "Na wewe unaondoka leo, Madam. Sidhani kama watakuita tena. Kalamu."

Malkia aliiweka ile kalamu nyekundu kwenye kiganja cha mzee. Mlangoni alikutana na mwalimu wa swali la tano akiingia, ameshaanza kucheka kabla ya kufika. "Malkia! See behind!" Malkia alipita bila unyusi wowote.

Dada alikuwa na mapumziko siku hiyo. Alikuwa uani kwake, anaanika sare mbili za wodi, mdomo umebana vibanio vya nguo. Alipomwona mdogo wake saa nne ya asubuhi alivitoa mdomoni haraka.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Dada, jana uliniuliza kama yule mwalimu alikucheka." Alisimama katikati ya uwanja, mkoba bado begani. "Alikucheka. Ni mimi. Niliionyesha meza nzima, tukacheka wote, na sikugeuza ukurasa."

Dada alichukua sare ya pili, akaikung'uta, maji yakamrukia Malkia usoni, akaianika bega kwa bega na ya kwanza. Akaibana kushoto. Akaibana kulia.

"Ukanipa ngapi?"

"Sifuri."

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesoma chati ya mgonjwa.

"Mwingine akageuza," Malkia alisema haraka. "Kiongozi wetu. Alikupa nane. Sasa nimesema wewe ni dada yangu, kwa hiyo watasahihisha upya, lakini watajua kuangalia nyuma, na mzee yule hakosei, ni nane, Dada, ni nane kwa kumi."

"Nane," Dada alisema. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono yake yenye maji imelala mapajani. Alilirudia neno hilo mara mbili, kwa sauti ndogo. Kisha ule uso wa miezi mitano ya meza ya jikoni ukarudi, uso wa mwanafunzi, akamtazama mdogo wake.

"Hizo mbili nilikosea wapi?"

Malkia wa Saba alifungua mdomo. Jana yake tu, mtu yeyote angemuuliza swali kama hilo, angemjibu kabla hajamaliza kuuliza. Alisimama pale uani, maji ya sare yakimtiririka shavuni. Ukurasa ule alishaushika mkononi. Hakuwa ameusoma.